Kipengele cha Tisa na Kahawa ya Kufukuzia

Kwa heshima na taadhima, na huku tukiwaomba wenzetu walioketi nyuma waache kwanza kutafuna, tunautangazia umma wa wafanyakazi, wakulima na wasomi waaminifu ya kwamba leo Shirikisho linamuaga Ndugu Stamenka Gajović, mlinzi wa mlango wa uchumi wa taifa, ngao ya viwanda vyetu dhidi ya hila za mabepari wauza ujuzi, mwanamke ambaye kwa kalamu moja tu ya risasi, tena ya kijani, alisimama mbele ya makampuni makubwa ya dunia na kuyaambia: hapa hampiti!

Hivyo ndivyo alivyosoma mkuu wa idara yetu, Ndugu Svetozar Ružić, karatasi mkono wa kulia, kipande cha soseji mkono wa kushoto. Alipofika kwenye "hampiti" alinyoosha mkono usio sahihi na soseji ikaruka. Stamenka aliifuata kwa macho mpaka ilipotua chini ya kabati, akaitazama kwa jicho la mtu anayejua fika nani atainama kuiokota.

Alikuwa mjane, mfupi, mnene wa vifundo vya miguu, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba ya viatu. Ofisi yetu ilikuwa pale Belgrade, katika jengo ambalo lifti yake ilipanda tu na kukataa kushuka. Kiwanda chochote kilichotaka kununua ujuzi kutoka nje, uwe wa kutengeneza friji, dawa ya meno au breki za treni, kilileta mkataba kwetu. Bila mhuri wetu mkataba ulikuwa karatasi ya kufungia jibini. Na kabla ya mhuri kulikuwa na Stamenka.

Sheria ilikataza masharti yanayomkaba mnunuzi. Mwuza ujuzi akiandika, nunua na misumari kwangu mimi peke yangu, Stamenka anafuta. Akiandika, mkigundua namna bora ya kukitengeneza kitu hiki basi ugunduzi ni mali yangu bila malipo, anafuta. Akiandika kwamba mkataba ukiisha mtu asitumie tena alichojifunza, kana kwamba ubongo wa fundi unaweza kusuguliwa kwa sabuni ya mche, anafuta mara mbili, halafu anapuliza makombo ya penseli mezani na kuomba faili jingine.

Msidhani wageni walimchosha. Mjerumani au Mwitalia alitazama mstari wa kijani, akahema, akatia saini. Nyumbani kwake alikuwa na nakala nyingine aliyokwisha kuiandaa bila sharti lile, maana alijua litafutwa. Waliomchosha walikuwa wetu. Wakurugenzi wetu walipanda zile ngazi na kapu la jibini, mtungi wa asali, nyama ya kukausha imeviringishwa ndani ya gazeti la chama, wakamsihi kwa machozi awaachie kitanzi shingoni. Miaka yake yote ya kazi ameila akimlinda mtu ambaye anampiga teke la ugoko amwache asilindwe.

Sheria yenyewe ilikuwa na mlango wa uani. Kiwanda kikileta tamko kwamba sharti fulani kinaliona lina manufaa kwake, na ofisa akaridhika, basi sharti linaweza kubaki. Mlango huo wa uani ndio uliotumika kuliko wa mbele, kama nyumba zote za kwetu.

Mwaka wa themanini na sita likaja jiko la Vrela.

Vrela ni mji mdogo aliozaliwa Stamenka, huko upande wa Užice. Una kiwanda kimoja, na kiwanda hicho kilitengeneza majiko ya kuni kwa leseni ya kampuni moja ya Austria. Michoro ilikuwa ya Waustria na jina lililosimama kwenye mlango wa jiko lilikuwa lao. Lakini bamba la juu, pale panapowekwa sufuria, lilikuwa letu, kwa bahati mbaya. Siku moja kalibu za kusubia mabamba zilivunjika, na badala ya kuagiza nyingine, mafundi walichukua kalibu za mifuniko ya mitaro. Bamba likatoka na matuta matuta kama mgongo wa mamba. Waustria waliandika barua ya kulalamika. Wanawake wa Vrela hawakuandika chochote, walichoma pilipili hoho tu juu yake. Hoho nyekundu ikilazwa kwenye matuta yale haigandi na haiungui, inababuka ngozi tu, ikavuliwa kama soksi. Sasa ukitaka kuona mwanamke wa kwetu anavyoweza kuua, mnyime nafasi ya kutengeneza ajvar, ile rojo ya hoho za kuchoma, ya majira ya baridi. Tangu hapo hakuna nyumba iliyotaka bamba laini, na kila mwaka Waustria waliandika kwamba kasoro hiyo irekebishwe, na kila mwaka kiwanda kilijibu kwamba kamati imeundwa.

Leseni ilikuwa inakwisha. Kwenye mkataba mpya, kipengele cha tisa kilisema kiwanda kisiuze jiko hata moja nje ya mipaka ya nchi. Mwakilishi wa kampuni, Injinia Ebner, alisema kipengele kikiondolewa yeye hatii saini. Na mkurugenzi wa kiwanda, Tihomir Basarić, mtu mwenye masharubu makubwa na ahadi kubwa zaidi, akapanda ngazi zetu na nusu mwanakondoo.

"Ndugu Stamenka, hicho cha tisa kiache."

"Kinakukataza kuuza nje."

"Ndiyo."

"Na ghala lako limejaa."

"Hadi mlangoni. Juzi tumeanza kuyapanga kwenye uwanja wa mpira. Timu inafanya mazoezi katikati yake."

"Sasa nikuachie marufuku ya nini?"

Basarić alifunga mlango, akavuta kiti, akashusha sauti. "Sikiliza, dada yangu. Kila mwezi naitwa kwenye kamati. Wananiuliza, Ndugu Basarić, fedha za kigeni ziko wapi? Nami nasimama, naweka mkono hapa kifuani, nasema: wenzangu, moyo unataka, mikono inataka, lakini wageni wametukataza! Wote wanatikisa vichwa, tunawalaani mabepari, tunakwenda kula. Wewe ukikifuta hicho kipengele, mwezi ujao nitawaambia nini?"

"Utawaambia umeuza majiko."

"Usinitanie! Kuuza nje kuna tarehe. Mwaustria akiandika tarehe kumi, mwendawazimu yule ana maana ya tarehe kumi!"

Akaweka mezani tamko la Baraza la Wafanyakazi. Lilisema kwamba wafanyakazi, baada ya majadiliano marefu na ya kidemokrasia, wameona marufuku hiyo ina manufaa makubwa kwao. Miongoni mwa walionyoosha mkono alikuwemo mdogo wake Stamenka, Radisav, msubu wa mabamba. Ofisini hakuna aliyeshtuka kwamba faili lina mdogo wa mtu ndani yake. Tungemtafuta ofisa asiye na ndugu kwenye kiwanda chochote, tungemwajiri Mjapani.

"Ulinyoosha mkono kwa nini?" Stamenka alimuuliza kwa simu.

"Wote walinyoosha, dada. Halafu ilikuwa karibu na saa ya chakula."

"Unajua umepigia kura nini?"

"Najua kwamba Baraza limesema ghala lisipopungua, theluji ya kwanza ikianguka mstari wa majiko unafungwa. Na najua Mwaustria akiondoka unafungwa kesho yake. Nikikosa majiko nitasubu nini, kengele? Mimi kifua hiki nilicho nacho, na umri huu, nani atanichukua? Mchimba kaburi labda, naye ananihitaji siku moja tu."

Akakohoa mpaka sarafu zake zikaisha kwenye kibanda cha simu.

Basi Stamenka akalala na mkataba ule kichwani kama jino bovu. Akikifuta kipengele, Ebner anaondoka na jiko linakufa. Akikiacha, ghala linajaa na jiko linakufa pia, ila polepole, na kwa tamko halali la Baraza. Alikuwa amechoka hata kuwa na hasira. Akaliweka faili droo ya chini, chini ya viatu vyake vya theluji, akijiambia ataamua baada ya Miholjdan.

Miholjdan ni sikukuu ya mtakatifu wa ukoo wa marehemu mumewe, mwezi wa kumi, hoho za mwisho zikiwa bado sokoni. Katika sikukuu hiyo watu hawaalikwi. Anayejua anakuja, na aliyekuja hafukuzwi, hata akiwa mtoza kodi. Na mwenye nyumba hakai. Tangu mgeni wa kwanza abishe mpaka wa mwisho avae koti, mwenye nyumba yuko wima, anaandaa, anamimina, anaondoa sahani. Marehemu mume wa Stamenka alikuwa na bahati: alisimama miaka kumi na mbili tu akafa. Tangu hapo alisimama yeye.

Chama hakikuamini watakatifu, kwa hiyo Ndugu Ružić alikuja kila mwaka "kwa chakula cha mchana tu, imesadifu", akala vibonge vya kabichi vya kutosha kikosi cha askari, akaondoka mapema asije akaonekana karibu na mshumaa wa mtakatifu. Mwaka huo pia alifanya hivyo. Meza ilibaki na majirani, na Radisav aliyefika kwa basi la alfajiri, na Budimir, binamu ya marehemu, mwashi huko Vienna, aliyeendesha gari usiku kucha kwa ajili ya sikukuu, akiwa na koti jipya la ngozi lililolia kila alipoinua glasi.

Kengele ikalia. Mlangoni, Basarić na chupa. Nyuma yake, mrefu, mwenye kofia ya kijani yenye unyoya, Injinia Ebner.

"Tulikuwa tunapita," alisema Basarić.

Vrela iko mwendo wa nusu siku kutoka Belgrade.

"Karibuni," alisema Stamenka, maana hakuna neno jingine la kusema siku hiyo, na yule masharubu alilijua.

Ebner alikuwa ameuza majiko nchini kwetu miaka mingi, akajua lugha yetu ile ya hotelini na ya kwenye maghala, lakini hakuwahi kuingia nyumba ya mtu. Alionjeshwa ngano tamu, akafumba macho. Akapewa kabichi, nyama ya nguruwe ya kuoka, mkate wenye misalaba ya unga. Akapakuliwa ajvar, akaweka uma chini kwa heshima kama mtu aliyesikia wimbo wa taifa.

"Bibi Stamenka, hii ni nini?"

"Hoho."

"Nimekula hoho. Hii si hoho."

"Imechomwa kwenye kasoro yenu," alisema Radisav na mdomo umejaa, na majirani wakacheka.

Basarić alikuwa na mkoba, na ndani ya mkoba, imesadifu tu, mkataba. Aliutoa baada ya supu, akauweka kando ya chumvi. Stamenka akaweka sahani juu yake. Akautoa tena baada ya nyama. Stamenka akaweka bakuli la kachumbari.

"Ndugu Stamenka, kaa kidogo tuongee."

"Sikai."

"Dakika moja tu!"

"Leo sikai, unajua sikai."

"Basi simama tuongee."

"Nikisimama nahudumia. Kula."

Jua likashuka. Stamenka alihisi vifundo vya miguu vimejaa kama vibonge vya kabichi. Sasa, kwao, mama yake alimfundisha kuna kahawa tatu. Ya kwanza ni ya kukaribisha. Ya pili ni ya kuzungumzia. Ya tatu ni ya kufukuzia. Hiyo ya tatu haiulizwi wala haiombwi, inafika tu, vikombe vidogo, nyeusi, na kila aliyezaliwa pande zetu akiiona huanza kutafuta kofia yake. Ni adabu kubwa kuliko zote: mtu hafukuzwi, anakunywa tu kidogo halafu anajikuta kwenye ngazi.

Akaileta. Majirani wakainywa, wakanyanyuka, wakabusu, wakashuka. Basarić akakitazama kikombe chake kama mtu aliyeletewa wito wa mahakama, akakisukuma kando taratibu.

"Kahawa nyingine!" alishangilia Ebner. "Ukarimu ulioje! Nyumbani kwetu unapewa moja, tena wanakutazama."

"Kunywa, Injinia, kunywa," alisema Basarić.

Akanywa. Hakuondoka. Stamenka akangoja, akaleta nyingine ya kufukuzia, nzito zaidi. Radisav akamtazama dada yake kwa huruma. Ebner akainywa kwa mikono miwili.

"Bibi, naweza kuomba na ya tatu?"

Budimir alicheka mpaka koti lake likalia lote. "Shemeji, huyu atahamia hapa!"

Ebner alitoka kwenye roshani kuvuta sigara, kahawa imempanda mishipani. Akarudi akiwa amekunja uso.

"Chini kuna gari yenye namba za Vienna."

"Yangu," alisema Budimir.

"Juu yake kuna mzigo umefunikwa blanketi. Blanketi limepeperuka kidogo. Nimeona jina la kampuni yangu."

Basarić akaanza kuichunguza chupa aliyoleta mwenyewe.

"Vitanda," alisema Budimir.

"Vitanda vyenye bomba la moshi?"

"Haya, majiko! Mawili!" Budimir akapiga meza. "Moja la kwangu, moja la mlinzi wa jengo letu, mama wa Kiaustria safi kabisa, jina lake Frau Hödl, kaonja kwangu hoho, hataki kusikia la mtu. Mwaka jana nilipeleka manne. Kila wa kwetu aliye Vienna anabeba. Ukisimama mpakani mwisho wa likizo, unadhani majiko yanahama nchi! Kwa nini? Kwa sababu dukani kwenu mnauza laini, hoho inaganda. Nani ananunua laini?"

"Kumbe ndio wao," alisema Ebner polepole, akakaa. "Watu wanaingia dukani kwetu na bamba lililopasuka. Lina matuta. Wanataka jingine kama lile. Tumewafukuza. Wauzaji walidhani wamechomoa mfuniko wa mtaro barabarani." Kisha akakumbuka yeye ni nani, uso ukawa mwekundu. "Ndugu Mkurugenzi! Huu ni uvunjaji wa mkataba! Mkataba wa sasa pia unakataza!"

"Raia binafsi!" alilia Basarić. "Wapo wananchi wachache wasio na nidhamu, tutaunda kamati..."

"Na wewe ulinihakikishia hakuna mtu nje anayeyataka!"

"Hakuna! Hawa si nje, hawa ni wetu walioko nje!"

"Frau Hödl naye ni wetu?" aliuliza Budimir.

"Wewe nyamaza, unanimaliza!"

"Mkurugenzi," alisema Radisav, na kwa mara ya kwanza alikuwa amekasirika kweli, "tumeyapanga uwanjani yanapata kutu, mimi nakaribia kupelekwa nyumbani, kumbe Vienna wanayabeba mgongoni? Ulitufanya tunyooshe mikono kwa hili?"

"Radisav, mambo haya ni mapana..."

Basi wakaanza wote kwa pamoja, kwa lugha mbili. Stamenka alikuwa katikati yao na sinia la kahawa ya kufukuzia, mara ya ngapi hata hakumbuki, mguu mmoja umekufa ganzi, wa pili unawaka. Akawatazama. Wote wamekaa. Wamekaa vizuri, mgongo umeegemea, kama watu ambao asubuhi itawakuta hapo hapo. Akaweka sinia juu ya redio. Akaenda kwenye kibeti chake kilichoning'inia mlangoni, akatoa ile kalamu ya kijani. Akasogeza bakuli la kachumbari, akavuta mkataba, akaramba ncha, akapiga mstari.

"Bibi Stamenka," alisema Ebner. "Mimi sijakubali."

"Kipengele chako kinamkataza Basarić. Basarić hata usipomkataza hauzi. Budimir hakimkatazi, hakimtaji, na yeye ndiye anayeuza. Mwakani atapeleka sita."

"Nane," alisema Budimir.

"Nane. Sasa chagua. Majiko yauzwe nje na kiwanda kwa risiti, asilimia yako ukapata, au yapite juu ya keria ya gari usipate kitu. Sheria inaniruhusu kuacha sharti lenye manufaa. Mimi nimekaa na, samahani, nimesimama na kipengele hiki tangu asubuhi, manufaa sijayaona."

Ebner alivuta sigara nzima. Alikuwa mfanyabiashara, na mfanyabiashara hata akiwa na unyoya kofiani anajua kuhesabu Frau Hödl walivyo wengi.

"Nitakubali," alisema. "Lakini basi tunaandika kwamba bamba lenye matuta, na maboresho yote ya namna hiyo, ni mali ya kampuni yetu. Bila malipo."

Stamenka hakuinua kichwa. "Hilo tayari liko kwenye kipengele cha kumi na nne."

"Liko?"

"Lilikuwepo." Akafungua ukurasa, akapiga mstari mwingine. "Ulilaumu kasoro miaka yote hiyo. Kasoro ni yetu. Ukiitaka, nunua leseni kwa Radisav, uniletee mkataba, na wewe nitakulinda."

Radisav aliachama, kibonge cha kabichi kwenye uma. Ebner akacheka, kwanza kidogo, halafu sana, akatoa kalamu yake ya wino, akatia saini kando ya doa la ajvar. Basarić akatia ya kwake kama mtu anayesaini hati ya kifo, akanong'ona, "Dada yangu, umeninyang'anya wageni wangu."

"Vizuri sana!" alisema Ebner akisugua mikono. "Hili linataka kusherehekewa. Bibi, kuna kahawa?"

"Imeisha."

Hapo tu ndipo alipotafuta kofia yake. Basarić akamfuata, masharubu yamelala. Budimir akashuka kukaza kamba za majiko. Radisav akabaki, akakusanya glasi mbili tatu kwa aibu.

"Dada. Kaa sasa."

"Siwezi. Wewe bado upo."

"Mimi ni mdogo wako!"

"Leo ni mgeni. Basi lako linaondoka saa ngapi?"

Akambusu mashavu yote mawili, halafu la kwanza tena kama desturi, akaenda. Stamenka akazima mshumaa kwa divai, akavuta kiti, akakaa katikati ya vyombo vichafu, akaweka miguu juu ya kiti alichokalia Ebner. Kilikuwa bado cha moto.

Mwisho mwema? Ngojeni. Kiwanda kiliunda kamati ya kuuza nje. Kamati ikaamua kwamba kwa wageni lazima ipelekwe bidhaa ya hali ya juu, ikachimbua zile barua za zamani za malalamiko, na kwa mara ya kwanza katika historia yake ikazitii. Majiko yakafika Vienna mwezi wa kwanza, hoho zimekwisha zamani, yakiwa na mabamba laini, yanang'aa kama paji la uso la waziri. Yote yakarudi. Radisav akasubu mengine, yenye mgongo wa mamba, huku akitukana kwa pumzi fupi aliyobakiwa nayo. Hoho zilipoiva tena, duka la Vienna likauza yote likaagiza zaidi, na theluji ikaanguka mstari wa majiko ukiwa wazi. Radisav alikohoa pale pale kwenye karakana yake mpaka pensheni, na hilo ndilo alilokuwa ameliomba, wala hakuomba zaidi.

Basarić naye hakufa. Wanawake wa Vrela walipolalamika kwamba sasa madukani hakuna jiko la kununua, alisimama kwenye kamati, akaweka mkono kifuani, akasema: wenzangu, moyo unataka, lakini wageni wanatulazimisha kuuza nje! Wote wakatikisa vichwa, wakawalaani mabepari, wakaenda kula.

Ebner? Ukishakuja Miholjdan mara moja, unakuja daima. Kila mwaka, unyoya, chupa, kiti kile kile, wa mwisho kuondoka. Anapewa kahawa ya kufukuzia na kuisifu hadi Vienna. Hakuna aliyewahi kumwambia.

Halafu bunge likapitisha sheria mpya. Sasa mnunuzi na mwuzaji wajikubalie watakavyo, wakitaka kufungana minyororo wafungane, soko litaamua. Ofisi yetu ikaunganishwa na idara ya takwimu. Sanduku zima la penseli za kijani likapelekwa shule ya chekechea. Na Stamenka akapewa barua ya kustaafu, na ngao ya shaba yenye jina lake limekosewa herufi moja, na hafla hii ya soseji.

Ndugu Ružić alimaliza kusoma. Akafuta mikono. Macho yake yalikuwa na machozi ya kweli, maana alikuwa ameanza kunywa mapema.

"Ndugu Stamenka," alisema, "mikataba mingi imepita mikononi mwako, lakini sote hapa tunaukumbuka mmoja. Vrela! Kipengele cha tisa! Mkurugenzi alikitaka, Baraza lilikitaka, kampuni ya kigeni ilikitaka, na wewe, mwanamke mmoja, nyumbani kwako, ulikifuta mbele ya macho yao. Vijana hawa wanaoingia kazini wanahitaji kusikia kutoka kinywani mwako. Saa ile, ni imani gani iliyokusukuma?"

Hata waliokaa nyuma waliacha kutafuna. Stamenka alifikiri kidogo, kwa haki, kama alivyofikiria kila faili.

"Wageni walikuwa hawaondoki," alisema.